Amevaa Nini Huyo?

Kwa miaka kumi na tatu ya ndoa yake, Fundi hakuwa mtu wa maneno. Watu wa mji ule mdogo walimjua kwa mikono yake. Sauti yake wengi hawakuwahi kuisikia sawasawa. Ukimpelekea kitambaa atakupima mabega, kifua na kiuno, ataandika namba zake kwenye daftari, atakwambia "Ijumaa," basi. Na kweli Ijumaa utaikuta nguo yako imepigwa pasi, imekunjwa, inakungoja. Porojo hakuna. Wengine walisema ni kwa sababu ya pini, maana tangu asubuhi mpaka jioni alikuwa amebana pini tatu nne midomoni, na mtu wa namna hiyo utamtilia umbea afanye nini nao? Wengine walisema ndivyo alivyozaliwa. Mumewe, dereva wa lori la mbao, alijigamba kwa wenzake kwamba yeye ndiye mwanamume pekee anayerudi nyumbani kupumzisha masikio.

Halafu Dereva akamleta mama yake.

Mama huyo, ambaye kila mtu alimwita Bi Mkubwa, alikuwa wa aina nyingine kabisa. Mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Alikuwa ameishi miaka yote katika mji wa stesheni, akifua shuka za hospitali, na starehe yake ilikuwa moja tu: sinema. Kila Jumamosi saa nane mchana alikata tiketi, akakaa safu ya tatu, akajisahau. Wengine wakienda kusuka nywele, yeye sinema. Wengine wakienda kutembelea ndugu, yeye sinema, na ndugu wakitaka kumwona walijua pa kumpata.

Kisha macho yakaanza kumchezea. Mwanzo aliona taa zimevaa pete za rangi. Baadaye akawa haoni pembeni, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe likazidi kuwa jembamba. Daktari wa macho alisema ni presha ya macho, na kwamba wamechelewa, kilichoondoka hakirudi. Dereva akapakia godoro, beseni na redio ya mama yake juu ya mbao, akamleta nyumbani kwake, akampa chumba kinachotazamana na chumba cha cherehani. Siku ya tatu akawasha lori, akaenda zake safari ya wiki mbili. Watoto walikuwa shule ya bweni. Nyumba ikabaki na wanawake wawili ambao hawakuwa na la kuambiana.

Si kwamba waligombana. Laiti wangegombana! Bi Mkubwa aliuliza maswali kumi, Fundi akajibu neno moja. "Umelala vipi?" "Salama." "Nani huyo aliyepita?" "Mteja." Bi Mkubwa akaamini mkwe wake ana kiburi. Fundi akaamini mama mkwe wake anamtafutia sababu. Walipishana kwenye korido kwa "samahani" na "pita tu, Mama," na nyumba ikajaa adabu kama ofisi ya serikali.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, Fundi alikuwa anapinda mapazia ya watu, Bi Mkubwa akatokea mlangoni. Amevaa gauni lake la kutokea, kitambaa cha kichwa kimekaa upande.

"Nipeleke sinema," akasema.

Fundi akatema pini kiganjani. Neno likamtoka kabla hajalipima. "Utaona nini, Mama?"

Fundi alitamani alimeze lile neno, na pini zake zote juu yake. Lakini Bi Mkubwa hakukasirika. Alipapasa fremu ya mlango, akaegemea.

"Nitaona utakachoniambia," akasema. "Haya, nyanyuka. Saa saba na nusu hii, tutakosa benchi."

Sinema ya mji ule ilikuwa zamani ghala la pamba. Juu bati tupu, chini sakafu ya saruji, mabenchi ya mbao safu kumi na mbili, na ukuta wa mbele umepakwa chokaa mara nyingi mpaka umenenepa. Filamu zilifika Alhamisi kwa basi, ndani ya makopo ya bati yaliyobonyea, zikiwa zimeshazunguka mji wa stesheni na mji wa mnada wa ng'ombe, kwa hiyo picha zilikuja na mikwaruzo kama mvua ya rasharasha. Waigizaji walisema lugha ya kwao. Maandishi ya chini yalikuwa ya lugha nyingine, nayo yalipita mbio utadhani yanakimbizwa. Watu walitazama tu, wakajaza wenyewe.

Milango miwili mikubwa ikafungwa, giza likaingia, mwanga ukapiga ukutani.

"Enhe?" Bi Mkubwa akanong'ona.

"Kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Mwanamume."

"Ala! Wanaume wamejaa dunia nzima. Huyu ni yupi? Mnene? Mwembamba? Ana sura ya wizi?"

Fundi akamtazama yule mtu ukutani, asijue aanzie wapi. Sura za watu hazikuwa kazi yake. Akatafuta kitu anachokijua.

"Amevaa koti la mistari," akasema polepole. "Kitambaa kizuri, kizito. Lakini koti si lake, Mama. Mabega yamemzidi, na mikono imepunguzwa juzijuzi, alama ya mshono wa zamani bado inaonekana. Viatu vimepigwa rangi juu, soli imekwisha. Huyu anataka watu wadhani ana uwezo."

Bi Mkubwa akayapima hayo.

"Tapeli," akasema.

"Nadhani."

"Na mwanamke? Lazima kuna mwanamke."

"Ndiyo anaingia. Gauni la hariri, limekatwa mshazari, linamfuata kila anapogeuka. Aliyelishona alikaa nalo mwezi mzima. Lakini kifungo cha juu kimeachwa wazi, na hakikusahauliwa."

"Sasa naona!" Bi Mkubwa akapiga goti lake. "Usinyamaze, mwanangu. Sasa naona!"

Siku ile Fundi alirudi nyumbani koo limemkauka kama aliyefundisha shule nzima. Alikunywa vikombe vitatu vya maji amesimama. Jumamosi iliyofuata, saa saba kamili, ni yeye aliyekwenda kugonga mlango wa Bi Mkubwa.

Shida ilikuwa mazungumzo. Bi Mkubwa aliuliza, "Anasema nini?" na Fundi hakujua anasema nini, kama ambavyo hakuna aliyejua mle ndani. Basi akawa anatunga. Alitazama mikono yao, nguo zao, nani amekaa na nani amesimama, akawapa maneno yanayowaenea. Pale hadithi ilipogeuka na kumuumbua, alitia kiraka. "Lo, Mama, kumbe si baba yake. Alikuwa anamdanganya tangu mwanzo." Na Bi Mkubwa akajibu, "Hata mimi nilimshuku, anavyosita kabla ya kusema."

Majirani wa benchi walianza kwa kuwazomea. "Jamani, nasi tumekuja kutazama!" Baada ya wiki kadhaa hawakuzomea tena. Baada ya mwezi, safu ya pili na ya nne zikawa ndizo za kwanza kujaa, na Fundi, ambaye hakuwa na habari, alidhani ni kwa sababu ya feni iliyokuwa juu yao.

Ndipo ikaja ile Jumamosi ya mvua.

Mvua ikinyesha juu ya bati lile ni kama mtu anamwaga kokoto. Sauti ya filamu ilizama yote. Fundi akalazimika kuweka mdomo sikioni mwa Bi Mkubwa na kupiga kelele, na kadiri mvua ilivyozidi ndivyo naye alivyozidi.

"Amepiga magoti, Mama! Kwenye matope! Na suruali ya kijivu, haitatakata hiyo! Anamshika mkono! Mwanamke anajifanya hataki, lakini anataka, nakwambia anataka kabisa! Lo, sasa wanabusiana! Na usiniulize wanabusianaje, Mama, mimi ni mkwe wako!"

Mvua ilikatika ghafla, kama mtu amefunga bomba. Katika ghala lililonyamaza, lenye watu mia mbili, yakasikika maneno manne ya mwisho, wazi kama kengele ya shule: mimi ni mkwe wako.

Kicheko kilichopasuka kilimwamsha hata mlinzi wa mlangoni. Watu walilaliana mabegani. Fundi alitafuta pa kuingia chini ya benchi, na angeingia kweli, ila Bi Mkubwa alikuwa amemkamata mkono. Kisha sauti ya muuza nyama ikatoka safu za nyuma kabisa.

"Sasa yule mwanamke kajibuje? Usituachie njiani!"

"Eh, kajibuje?" wengine wakadakia.

Bi Mkubwa akamfinya mkwe wake pajani. "Wanakungoja."

Fundi akajinyoosha kwenye benchi. Akatazama ukutani. "Anasema," sauti ikamtetemeka, kisha ikasimama, "anasema atakubali, lakini kwanza aende kwa fundi akafuliwe na kushonewa hiyo suruali, maana hawezi kuolewa na matope."

Hawakumruhusu anyamaze tena mpaka taa zikawaka.

Jumatatu asubuhi Mwenye Sinema akaja kwenye chumba cha cherehani. Alikuwa mwanamume mfupi aliyetembea na rundo la funguo kiunoni kana kwamba ana jela yake. Fundi alijua amekuja kumfukuza. Kumbe kwapani alikuwa na tarumbeta la bati la kukuzia sauti, mdomo mpana, alilotengenezewa na fundi bati wa sokoni.

"Watu wanataka," akasema. "Usimame mbele, kando ya ukuta, useme na hili."

Kabla Fundi hajajibu, Bi Mkubwa alishaingia.

"Mkwe wangu hasimami mbele kama mshtakiwa. Atakaa palepale safu ya tatu, ubavuni kwangu. Na mimi kukata tiketi basi tena."

"Bi Mkubwa, tiketi yako wewe..."

"Basi tena."

Ikawa hivyo.

Dereva, ambaye Jumamosi zote zilikuwa zimemkuta njiani, safari hii aliporudi alikuta nyumba imefungwa. Akaulizia, akaelekezwa sinema. Alipokaribia ghala alisikia sauti ya mwanamke inapaa juu ya bati, na watu wanacheka kwa mpigo.

"Nani huyo anayesema?" akamuuliza mlinzi.

"Si mkeo?"

"Mke wangu mimi? Mke wangu hasemi."

Mlinzi akamfungulia mlango kidogo. Dereva alisimama nyuma mpaka mwisho, kofia mkononi. Walipokuwa wanarudi nyumbani, mama yake katikati, Dereva akashindwa kujizuia.

"Miaka kumi na tatu. Ulikuwa umeyaweka wapi yote haya?"

"Hukuuliza," Fundi akamwambia.

Habari hazikukaa. Mji wa mnada ukamtaka, mji wa stesheni ukamtaka. Lori la mbao likipita njia hizo wote watatu walipanda mbele, Bi Mkubwa dirishani, akimwelekeza mwanawe kuendesha ijapokuwa haoni. "Punguza, kuna kona." Na kona ilikuwepo. Sinema ya stesheni ilikuwa na viti vya kukunja na roshani ambayo njiwa walishaichukua ikawa yao. Pale Bi Mkubwa alipanda ngazi bila kushikwa, akawasalimia wauza tiketi, akiwatambua kwa sauti zao. Ile ya mji wa mnada ilikuwa ukumbi wa mikutano, na mahali pa ukuta walitundika shuka mbili zilizoshonwa pamoja. Mshono ulikwenda upogo, katikati kabisa, ukimkata kila mwigizaji pua. Fundi alivumilia dakika tano za majaribio. Kisha akaomba kiti, akazishusha shuka, akazifumua, akazishona upya kwa mkono mbele ya watu waliokwisha kukaa, na hakuna aliyelalamika kusubiri.

Mwaka wa pili akahamia mjini Mwalimu. Alikuwa kijana mwembamba aliyesoma mbali, na lugha ya zile filamu aliijua vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusahihisha. Jumamosi yake ya kwanza alikaa benchi la pembeni akitikisa kichwa, na watu walipotoka akamsogelea Fundi.

"Samahani, mama. Yule uliyemwita mume wake ni kaka yake."

"Kaka yake?"

"Kaka wa tumbo moja. Walitenganishwa utotoni. Filamu nzima inahusu hilo."

Saa mbili nzima Fundi alikuwa amemfanya yule mwanamke ukutani kuwa mke asiye mwaminifu, na watu mia mbili wameondoka wanamlaani. Usingizi wa mchana wa Jumapili haukumjia. "Nimemsingizia," alimwambia Bi Mkubwa. "Ni picha tu," Bi Mkubwa akasema. "Hata kama ni picha, Mama. Hakufanya."

Mwalimu alikwenda kwa Mwenye Sinema pia, na Mwenye Sinema, aliyeogopa sana kuonekana mshamba, akampa tarumbeta kwa wiki moja. Fundi alitaka kubaki nyumbani na mashati yake. Bi Mkubwa akamwambia avae. "Twende tukamsikilize msomi."

Msomi alianza. Alitafsiri kila neno, na kila neno lilikuwa sahihi, ila maneno yalifika yamechelewa. Wakati nyumba inawaka moto ukutani na watu wanaruka madirishani, Mwalimu alikuwa bado anasema, "Hapa anamwambia: sikutarajia kukukuta nyumbani saa hizi." Watu wakaanza kukohoa. Mtu akapiga miayo mirefu yenye sauti. Ndipo Bi Mkubwa akapaza ile sauti yake ya ng'ambo ya mto.

"Mwalimu! Amevaa nini huyo?"

Mwalimu akakatika. "Nani?"

"Huyo ambaye hakutarajia."

Mwalimu akatazama ukutani kwa bidii. "Amevaa... nguo."

Ghala zima likaangua kicheko. Hata Mwenye Sinema alilazimika kushika funguo zake zisilie. Mwalimu alimaliza filamu amelowa jasho, na alistahili kuhurumiwa, maana hakuacha hata sentensi moja.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakucheka. Fundi alikuwa amesikiliza. Nyuma ya yale maneno yaliyochelewa aliona hadithi ambayo yeye asingeibuni kamwe, ya watu wanaoficha barua na kusameheana kwa shida. Jumatatu Mwalimu alikuja na suruali iliyofumuka nyuma, amejifunga sweta kiunoni kwa aibu, akakaa kwenye stuli kungoja.

"Yule mzee," Fundi akasema akiwa anapitisha uzi, "alipochoma ile barua, alisema nini hasa?"

Mwalimu akamweleza. Suruali ilikuwa imekwisha kushonwa kitambo, naye bado anaeleza.

Wakapatana. Kila Ijumaa baada ya masomo, Mwenye Sinema aliwafungulia ghala, filamu ikapitishwa kwa ajili yao wawili na Bi Mkubwa. Mwalimu alisema maana, Fundi akaiandika kwenye daftari lake la vipimo, kwa nyuma, kalamu ikikimbia. Jumamosi yeye ndiye aliyesema. Maneno yakawa ya kweli, na nguo zikabaki za kwake.

Wiki moja ikaja filamu ya mkwe na mama mkwe. Haikuwa na mengi: nyumba moja, wanawake wawili, birika la chai. Karibu na mwisho mkwe anasimama na kusema yaliyomkaa moyoni. Kwenye daftari Fundi alikuwa ameandika: nimekaa nyumba hii miaka saba, hujawahi kuniita kwa jina langu. Jumamosi akalisoma hilo kwenye tarumbeta. Na Fundi, badala ya kunyamaza, akaendelea.

"Siku ya kwanza mwanao aliponileta kwako, nilikuwa nimejishonea gauni la kijani. Wiki tatu nililishona. Nikasimama mlangoni pako. Ukaniangalia juu mpaka chini, ukamgeukia mwanao ukamuuliza: hakukuwa na mwingine?"

Mwalimu, mwisho wa benchi, akainua kichwa. Ukutani yule mwanamke alivaa nyeusi, na midomo yake ilishafungwa zamani. Maneno hayo hayakuwemo. Yalikuwa ya miaka kumi na mitano nyuma, katika mji wa stesheni, na aliyeuliza swali lile alikuwa amekaa pale pale safu ya tatu, mikono magotini.

Mashine ikaunguruma. Bi Mkubwa hakujua ukutani kuna nini wakati ule. Alijua tu kwamba ni zamu yake.

"Nilikuwa mjinga," akasema, kwa sauti iliyofika mlangoni. "Ulikuwa umependeza."

Watu wakadhani ndivyo filamu ilivyo. Wakapiga makofi, wengine miluzi. Kina mama wa safu ya pili walijifuta macho kwa ncha za vitambaa. Fundi aliweka tarumbeta mapajani na hakuweza kuliinua tena. Basi Mwalimu akanyoosha mkono, akalichukua, akalichukua na daftari.

"Sasa mwana anarudi nyumbani," akasoma. Akasita. Akatazama ukutani. "Amevaa koti la kahawia. Kifungo cha pili hakipo."

Njiani kurudi hawakuligusa jambo lile mpaka karibu na nyumbani.

"Lile gauni unalo?" Bi Mkubwa akauliza.

"Nililikata, nikawashonea watoto."

"Vizuri. Kijani kinadumu."

Ghala lile leo ni duka la mbolea. Video zilikuja, kisha televisheni, na ghala likawa linapata watu thelathini, kisha kumi na watano. Viti vya sinema ya stesheni viliuzwa kwa kinyozi na kanisa. Fundi hakukosa kazi. Sasa watu humwita kwenye harusi aongoze shughuli, na ukimpa kipaza sauti uwe na subira. Lakini Jumamosi ya mwisho ya sinema ile inafaa kuelezwa kama ilivyokuwa.

Mwenye Sinema alikuwa ametangaza kwamba anafunga. Watu wakaja, hata wale walioisahau kwa miaka mingi. Walitoka vijijini kwa baiskeli na kwa miguu, wakajaa mpaka sakafuni. Filamu ilikuwa ya mtu mmoja anayesukuma mkokoteni nchi nzima kurudi kwao baada ya miaka mingi ya kazi za mbali. Ilifika katikati. Mtu wa mkokoteni yuko mtoni, magurudumu yamezama, na mara ndani ya mashine kukasikika mlio: paa! Taa imepasuka. Nyingine ya akiba haikuwepo. Nani angenunua taa ya sinema inayofungwa? Wakafungua milango, jua la saa tisa likaingia mpaka kwenye chokaa. Mwenye Sinema akaenda mbele kuomba radhi, funguo zinamlia kiunoni, akashindwa kuanza.

"Wewe kaa," Bi Mkubwa akamwambia. "Na nyie kaeni. Fundi ameshaiona yote jana."

Wakakaa. Fundi alisimama, safari hii bila kuambiwa, akaliacha tarumbeta kwenye benchi. Akamtoa yule mtu mtoni. Akamvusha, akampandisha milima, akampitisha kwenye vijiji ambako mbwa walimbwekea viraka vyake. Watu mia tatu walitazama ukuta mtupu wenye jua, na hakuna aliyegeuza macho. Bi Mkubwa alikuwa anatabasamu. "Leo tuko sawa wote," alimnong'oneza Mwalimu. Hadithi ilipofika mwisho, mtu wa mkokoteni alifika kwake, mwanamke akamfungulia mlango, akaambiwa akae. Makofi yalidumu mpaka Mwenye Sinema akaona bora atoke nje.

Baadaye walitembea kwenda nyumbani, Bi Mkubwa amewashika mikono, Fundi upande huu na Mwalimu upande ule.

"Fundi," Mwalimu akasema, "yule mtu alikufa pale mlimani. Tulimwona jana."

"Nilimwona."

"Sasa mbona umemfikisha?"

"Mwalimu, watu wametoka mbali kwa miguu. Siku ya mwisho, halafu niwarudishe makwao na maiti?"

Mwalimu alilifikiria hilo mpaka kona ya duka la dawa. "Sawa. Lakini yule mwanamke aliyemfungulia mlango? Filamu nzima haina mwanamke."

"Wewe ulitaka ajifungulie mwenyewe, na mikono imejaa?"

"Mimi nasema tu kwamba hakuwepo."

"Nyie wawili," Bi Mkubwa akasema, akiwavuta mbele, "mtabishana nyumbani. Miguu inaniuma."